Trekta Dogo la Mkaguzi

Mume wangu Maximilian aliogopa vitu viwili hapa duniani: nyoka, na kualikwa kulima. Kwa nyoka nilimwelewa.

Tulirudi kwao Nambambo alipostaafu ukaguzi wa shule. Maisha yake yote ya kazi, Tunduru, Newala, Songea, alikaa nyuma ya darasa la mwenzake akitafuta kosa, na kazi ya namna hiyo haimtoki mtu kwa sababu tu ameagwa kwa keki. Mpaka leo akitia tonge la kwanza mdomoni ananyamaza kidogo, nami nasubiri ripoti. Tulijenga nyumba ya bati la rangi kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, mahali penye mteremko, na mvua za kwanza tu maji yaliingia kwa mlango wa jikoni, yakapita sebuleni, yakatokea barazani. Mama yake, Bibi Agatha, ambaye tulikuwa tumemhamishia chumba cha mbele, alinyanyua miguu juu ya kiti akatazama ndala zake zikienda.

Dawa ilijulikana: kuchimba mtaro juu ya nyumba na kusawazisha uwanja. Hapa hiyo ni kazi ya Jumamosi moja. Unapita kwa majirani unawaalika, unachinja mbuzi, unapika ubwabwa, unaandaa togwa. Wanaume wanakuja na majembe yao, na kabla jua halijawa kali mtaro umekwisha na mtaa mzima umeshajua kama unapika vizuri au unababaisha. Nilimwambia hivyo. Akaweka kikombe chini.

"Nikiwaalika, na wao watanialika."

"Ndiyo, baba Teddy. Ndivyo inavyokuwa."

"Mashamba yao yote, mama Teddy. Na misiba. Mimi na mgongo huu?"

Mgongo wake hauna kitu. Lakini tangu turudi alikuwa hajashika jembe kwa mtu yeyote. Akifa mtu, wanaume wa mtaa wanakwenda kuchimba kaburi. Yeye anavaa shati jeupe, anapeleka bahasha ya rambirambi na kreti ya soda, anakaa kwenye kiti karibu na katekista. Watu waliipokea bahasha, soda wakanywa, wakanyamaza. Ukimya wao ndio uliomnyima usingizi mama mkwe.

"Mimi nikifa nani anachimba?" alimuuliza mwanawe siku moja mbele yangu. "Bahasha?"

Bibi Agatha Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani. Mambo ya ndani aliyasema kwa Kimwera, na mimi ni Mmakua wa Masasi, kwa hiyo mengi yalinipita. Hili alilisema kwa Kiswahili makusudi, na mimi nisikie.

"Watu watakuja, mama."

"Watakuja na soda."

Mwanaume mwingine angenunua jembe. Wangu akaanza kutazama video kwenye simu. Aliniita nione: Mzungu mwenye kofia, kwenye uwanja wenye ukubwa wa kata nzima, amekaa juu ya trekta dogo la kupendeza, anachota udongo huku anaumwaga kule, na mkewe anamletea juisi. Mimi nilimtazama yule mke zaidi kuliko trekta. Hakuwa na tope hata kwenye kiatu.

"Hili si la kulimia," Maximilian alinieleza. "Ni la nyumbani. Kijiko mbele cha kubebea udongo, kijiko nyuma cha kuchimbia. Mtu anatengeneza mandhari yake bila kumsumbua mtu."

Hapo nikajua kiinua mgongo kimeshapata mwenyewe. Ikaanza miezi ya vipimo. Alipima geti, akapima nafasi kati ya mkorosho na mkorosho, akapima mteremko kwa chupa ya maji iliyolazwa juu ya ubao. Kona ya jikoni ilimtia wasiwasi, kwa hiyo alinifunga fimbo mbili kiunoni, moja kila upande, akaniambia nipite pale nikigeuka bila kurudi nyuma. Nikapita. Akasema nimekata kona mapema, nirudie. Jirani yetu Mikidadi alikuwa amesimama kwenye uzio anatazama, akamuuliza kama mimi natumia dizeli au petroli.

Trekta si kitu kigeni huku kwetu Nachingwea. Wazee wanasimulia jinsi Waingereza walivyokuja na matrekta yao kulima karanga, wakang'oa miti na kutifua ardhi, kisha wakaondoka wakiacha vyuma. Bibi Agatha alikuwa msichana mdogo wakati huo. Aliposikia mwanawe anatafuta trekta aliuliza neno moja tu: "La karanga?"

Nachingwea mjini tulikuta matrekta makubwa mapya ambayo yangeingia kwetu kwa kubomoa geti, na mapawatila, ambayo Maximilian aliyakataa kwa kuwa unatembea nyuma yake kwa miguu, na kutembea nyuma ya kitu kinacholima aliona ni kulima. Tukaelekezwa Ruangwa. Kule siku hizi, kwa ajili ya machimbo, makandarasi wanaingia na kutoka, na wakitoka wanaacha mitambo. Aliyekuwa akiiuza anaitwa Twalha, mtu mnene mwenye subira, uwanja wake uko nyuma ya stendi.

"Mzee una heka ngapi?" Twalha aliuliza.

"Robo."

Twalha alinitazama mimi, kama anayetaka kujua mgonjwa ameruhusiwa au ametoroka.

"Unalima zao gani kwenye robo heka?"

"Silimi. Natengeneza mandhari."

"Sawa, mzee wangu. Na mandhari mnavuna mwezi wa ngapi?"

Alikuwa na madogo mawili. Moja jekundu, lina kijiko cha mbele tu, limechakaa kwa heshima. Spea zake zinapatikana Nachingwea na kila fundi amewahi kulifungua. La pili la rangi ya chungwa, la Kijapani, vijiko viwili, matairi yote yanavuta, jembamba kama limetengenezwa kwa ajili ya geti letu. Kila swichi ilikuwa na maandishi ya Kijapani. Mimi nilisimama karibu na lile jekundu nikatumaini ataelewa.

Maximilian akalikagua la chungwa. Alilizunguka mikono nyuma, akainama, akanusa, akarudi hatua chache akalitazama kwa mbali kama anavyomtazama mwalimu wa majaribio. Akamuuliza Twalha habari za mgandamizo wa pampu ya haidroliki.

"Mzee, ukivuta huku linachimba, ukisukuma huku linaacha," Twalha alisema. "Mengine wanayajua waliolitengeneza."

"Hili limefaulu," Maximilian aliniambia. "Jekundu kijiko kimoja, na ni pana. Halipiti getini."

"Geti si linaweza kupanuliwa?"

Hakunijibu. Hakunijibu mpaka lori lililobeba trekta lilipofika Nambambo, na hapo alichosema ni kwamba niwaambie watoto wasiliguse.

Watu walikuja kuliona, wa kwanza akiwa Mikidadi. Huyu nimweleze, maana ukoo wake na ukoo wa Maximilian ni watani tangu kwa babu zao. Mikidadi anaweza kuingia jikoni kwangu, akafunua sufuria, akaniuliza nani amenituma niwaue, na mimi siruhusiwi kununa. Msibani ndipo utani unapokuwa mkubwa. Mtani atakuchukulia jogoo, atavaa koti la marehemu aigize anavyokohoa, na pia atafanya zile kazi nzito ambazo wafiwa hawaziwezi. Mfiwa anacheka au ananyamaza. Kukasirika hakumo kabisa.

"Mtani," Mikidadi alisema akilipigapiga trekta bati, "hili la watoto ni zuri. La watu wazima linakuja lini?"

Nikubali kwamba kazi lilifanya. Mtaro ulichimbwa, uwanja ukasawazishwa, na mvua zilizofuata maji yalipita pembeni kwa adabu. Ingetosha kwa mtu mwenye kutosheka. Yeye akapanda ukoka uwanja wote, akapanga njia ya mawe, akaotesha mawaridi mpaka nyuma kwenye mikorosho alikolala baba yake, akalizungushia kaburi maua, na mwishoni akasimamisha kibao: USIKANYAGE MAJANI. Mbuzi wa Mikidadi hawajasoma.

Bibi Agatha alilicheka trekta mpaka siku aliyogundua kwamba linabeba. Miguu ilikuwa imemchosha na kanisani alikuwa hafiki. Jumapili moja tuliweka mto ndani ya kijiko cha mbele, tukampakia na rozari yake, na Maximilian akampeleka parokiani taratibu huku amevaa kizibao chake cha kung'aa kama cha watu wa barabara. Alirudi amechangamka kama bibi harusi. Tangu hapo alikataa pikipiki, hata ya mjukuu.

Ni yeye aliyelipeleka makaburini. Mzee Saturnini, ambaye ndiye msimamizi wa uchimbaji kwenye misiba ya mtaa wetu, alifiwa na kaka yake wakati wa kiangazi, na wanaume walikuwa wamechimba tangu asubuhi, wamekutana na mwamba, hawajafika hata magotini. Bibi Agatha akamwambia mwanawe, "Peleka hilo." Maximilian alilipeleka akiwa na glavu. Kabla uji wa waombolezaji haujaiva kaburi lilikuwa tayari, na wanaume waliokuwa wakitoka jasho wamekaa kivulini wanamsifu.

Sijawahi kumwona mume wangu amefurahi vile. Kijiji kilimshika mkono, kikamwita mwalimu, kikamwita mkombozi. Hakuwa ameshika mpini wa mtu na bado alikuwa amechimba. Toka siku hiyo hakuna aliyekufa Nambambo bila simu kulia kwetu. Waislamu, Wakristo, wa karibu na wa kule bondeni, Maximilian akawa anahudhuria maziko kuliko katekista. Mtu aliyekuwa anakimbia mialiko sasa alialikwa kuliko wote, na kila mara akirudi jioni analifuta trekta vumbi kwa kitambaa cha miwani. Wanaume wengine nao waliizoea hali hiyo. Walianza kuja kwenye maziko na suruali zilizopigwa pasi.

Nilidhani mama mkwe atatulia sasa. Ndiyo kwanza akaanza upya.

"Mimi nataka mnichimbie na hilo," alisema, akilionyesha kwa kidevu. "Lakini nani anaendesha?"

"Si ni mimi, mama," Maximilian akajibu.

"Wewe mfiwa. Mfiwa anachimba?"

Alikuwa amekaa mbali na kwao miaka mingi, na baba yake alipozikwa alifika siku ya pili yake, lakini jambo hilo hata mtoto wa hapa analijua. Mtu hachimbi kaburi la mzazi wake. Anakaa mkekani, wenzake wanamchimbia. Na trekta lile, kwa amri yake mwenyewe, hakuna mkono mwingine uliokuwa umewahi kuliwasha.

"Mfundishe mtu," Bibi Agatha alisema. "Mfundishe Mikidadi. Huyo ni mtani, kazi yake."

"Nitamfundisha, mama."

"Lini?"

"Nitamfundisha."

Aliuliza wakati wa ufuta, akauliza wakati wa mbaazi. Akaniuliza na mimi pembeni, ananishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyepesi mpaka nikaona uchungu. Hakuwa anaogopa kufa, kwa kifo alikuwa ameshajiandaa, hata sanda yake ya kanga aliichagua mwenyewe. Alichoogopa ni kulala nje ya shimo akisubiri huku mwanawe anaaibika mbele za watu. Nilimgombeza mume wangu, na mimi nikigomba nagomba kweli. Mwishowe akamwita Mikidadi.

Mwanaume mwingine angemkalisha mwenzake kwenye kiti, akamwambia vuta huku, sukuma kule. Maximilian alianza na nadharia. Alitundika ubao kwenye banda la trekta. Mikidadi, mtu mwenye wajukuu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akijifunza historia ya injini ya dizeli. Alisikiliza kwa uvumilivu ulionishangaza, ila majina yalimshinda, akatunga ya kwake: kijiko cha nyuma akakiita mkia, cha mbele sinia, na zile fimbo za kuendeshea vijiko akaziita masikio. Kisha akapewa mtihani wa kuandika.

"Amefeli," Maximilian aliniambia, akiwa na huzuni ya kweli.

"Kafeli nini?"

"Sehemu za trekta. Kwenye swali la kijiko cha nyuma ameandika mkia. Siwezi kumkalisha mtu wa namna hiyo kwenye kiti, mama Teddy. Arudie nadharia."

Mikidadi hakurudia. Alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba amefelishwa somo la kuchimba, watu wakacheka wiki mbili. Bibi Agatha hakucheka. Aliniomba nimsogezee kiti chake uani, apate jua.

Alifariki msimu wa korosho, mchana, muda mfupi baada ya kulalamika kwamba uji umepoa. Niliurudisha jikoni kuupasha, na niliporudi nao alikuwa ameondoka. Nililia sana. Nilimpenda yule mwanamke kuliko nilivyowahi kufikiri mtu anaweza kumpenda mama mkwe, na uji ule niliumwaga nyuma ya nyumba kwa sababu sikuweza kuuangalia.

Kesho yake asubuhi watu walijaa. Wanawake tuliingia ndani na jikoni, wanaume wakakaa kwenye mikeka uwanjani, juu ya ukoka, na kibao hakuna aliyekitazama. Wachimbaji walikuja wengi, si wachache kama nilivyoogopa, bahasha zote zilikuwa zimesamehewa. Ila hakuna aliyekuja na jembe. Walikuja na simu zao na suruali za pasi, wakasimama wanangoja.

"Trekta liko tayari?" Mzee Saturnini aliuliza.

Maximilian akasimama kutoka mkekani. "Naliwasha sasa hivi."

Wanaume wakaangaliana. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni na sinia la vikombe, nikajua kwamba ile saa imefika.

"Kaa, mwalimu," Mzee Saturnini alisema kwa upole. "Wewe mfiwa."

"Sasa nani ataendesha?"

"Si ndiyo tunakuuliza wewe."

Akatazama huku na huku. Hakukuwa na wa kumtazama. Ardhi ya Oktoba ilikuwa imekaza, na majembe ya kijiji kizima yalikuwa yamelala mwaka mzima yanalegea mipini.

"Basi," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "chimbeni kwa majembe. Nawaomba."

Hapo Mikidadi akatoka kati ya watu. "Mtani, sikia. Mwaka huu kila aliyekufa mtaa huu kachimbiwa na trekta. Hata yule mlevi wa bondeni aliyekuwa anatuibia kuku. Leo mama wa mwenye trekta tumchimbie kwa jembe, watu waseme nini? Na mwenyewe aliniambia kwa mdomo wake anataka lipi." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Lete funguo."

"Hajafaulu," Maximilian akawaambia watu.

"Hajafaulu nini?" mzee mmoja akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Mtani msibani hanyimwi kitu. Maximilian alitia mkono mfukoni, akautoa, akautia tena, kisha akatoa funguo akaziweka kwenye kile kiganja, akakaa chini.

Trekta liliwaka, likalia, likaruka mbele kama mbuzi aliyekatwa kamba. Lilikwenda na uchanja wangu wa vyombo. Likarudi nyuma, likapanda njia ya mawe, na mawe yakatawanyika. Njia ya kwenda kwenye mikorosho ilikuwa moja tu, katikati ya mandhari yote, na Mikidadi aliipita kwa upana. Alichukua mawaridi ya kushoto, akasahihisha, akachukua ya kulia. Kibao kilivunjika kwa sauti ndogo. Ukoka ulijikunja nyuma ya matairi kama mkeka unaokunjwa, na Maximilian alikuwa amekaa pale pale, mkono wa Mzee Saturnini juu ya goti lake. Haruhusiwi kusimama, na kukasirika pia haruhusiwi.

Huko kwenye mikorosho injini ikazimika. Ikawaka, ikazimika.

"Mwambieni akanyage klachi," Maximilian alisema.

Mtu akapaza sauti kwa mtu aliyesimama kona ya jikoni, wa konani kwa wa kwenye mkorosho. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: anauliza klachi ndiyo ipi.

"Ya kushoto. Aikanyage mpaka mwisho, aachie polepole."

Injini ikawaka, ikaunguruma sawasawa. Watu wakapumua. Wakangoja, hakuna kilichochimbwa.

"Anauliza sasa afanye nini."

"Ashushe kijiko cha nyuma."

Maneno yakaenda, yakarudi. "Anasema hajui kijiko cha nyuma."

Nilimwona mume wangu amefumba macho. Mtu aliyekagua shule za wilaya ngapi sijui, machozi yalikuwa yanampita pembeni ya pua.

"Mwambieni ashushe mkia," alisema.

Na mkia ukashuka. Tulisikia meno ya chuma yakiingia ardhini, na kutoka hapo akawa anamwongoza bila kuona, kwa kusikia tu, vuta sikio la kulia, sasa sinia lisogee, mkia juu, tena, tena. Wale wanaume walipokezana maneno kutoka mkekani hadi kaburini kama wanaopokezana matofali. Kila gia ilipokwaruza alitikisika bega. Wazee walimpa pole wakidhani ni uchungu wa mama, na ulikuwa uchungu wa mama. Lakini mimi ni mke wake, najua kwamba ulikuwamo na wa gia.

Kaburi lilitoka pana juu, limepinda, upande mmoja limebomoka. Ikabidi majembe yatafutwe hata hivyo, na wanaume wakavua viatu vyao vizuri, wakashuka, wakalinyoosha kwa mikono wakitaniana mpaka likafanana na kaburi. Walikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwenye maziko mwaka mzima. Tulipofika na jeneza tulimkuta Mikidadi amevaa kizibao cha kung'aa cha mume wangu. Mikono nyuma, kidevu juu, analizunguka shimo anainama na kunusa. Upande huu umefaulu, alisema. Upande ule urudie nadharia. Watu waliangua kicheko mbele ya padre, na Maximilian, ambaye alikuwa anamlilia mama yake, akacheka pamoja nao mpaka akashikwa mkono asianguke. Tukamzika Bibi Agatha karibu na mumewe.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Maximilian amesimama uwanjani na kikombe cha chai ambacho alikuwa hajakinywa. Ukoka haukuwepo tena wa kuzungumzia. Nilijiandaa kusikia ripoti, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu.

"Amekata kona mapema," alisema, akionyesha pale kwenye kona ya jikoni. "Tatizo lake ni kona tu."

"Ndiyo."

"Mwite aje nimwonyeshe. Akae yeye kwenye kiti, mimi nitasimama pembeni."

Maneno hayo mama mkwe aliyaomba wakati wa ufuta, akayaomba wakati wa mbaazi, akiwa amekaa kwenye kiti chake hapo uani, ana masikio ya kuyasikia. Nilitaka kumwambia hivyo mume wangu, na nilikuwa na haki ya kumwambia. Nikamtazama, nikashindwa, nikajifunga kanga nikaenda kumwita Mikidadi.